Kuku Aliyetupelekea Maneno

Niliishi na mama mkwe wangu katika lupango moja, yaani uwanja mmoja wenye ukuta, hapa Makomeno, Lubumbashi, kwa miaka kumi na minne, na sikuwahi hata siku moja kumwona akila. Wala yeye hakuwahi kuniona mimi nikila. Tulichangia ukuta, kisima, gunia la makala ya kupikia na kichuguu kimoja cha mboga, lakini kila mtu alitafuna upande wake. Watu wakisikia hivyo hudhani tulikuwa tumegombana. Hatukugombana. Tulikuwa na buko.

Buko ni ile heshima iliyopo kati ya mtu na wakwe zake. Kwa watu wa upande wa mama mkwe, ambao wazazi wao walitoka Luapula kufuata kazi ya mgodi wakaishia Kambove, heshima hiyo si ya mdomoni tu. Mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hampi mkono. Wakionana njiani, mmoja anakata kona. Hawaitani, hawatumani, na zaidi ya yote hawali pamoja. Kwetu kaskazini, sisi wajukuu wa watu wa reli, tuna haya pia kwa wakwe, lakini haya yetu hupungua mtoto wa kwanza akizaliwa. Baada ya hapo mkwe anakaa mezani na kuomba chumvi kama mtu mwingine. Tofauti hiyo sikuipa uzito wowote. Nilikuwa kijana, nilikuwa nimepata mke niliyemtaka, nani angekaa kuchambua haya za watu?

Alikuja kwetu baada ya baba mkwe kufariki. Alishuka garini na beseni kubwa, na ndani ya beseni hamkuwa na nguo. Mlikuwa na vipande vya miti ya muhogo, marando ya viazi vitamu yaliyofungwa kwa gazeti lenye maji, na mbegu za maboga katika fundo la kitambaa. Nguo zake zilikuwa kwenye mfuko mdogo wa plastiki. Mimi nilikuwa barazani kwenye cherehani yangu, maana ni fundi wa nguo na kazi yangu naifanyia nyumbani. Niliinamisha kichwa kama inavyopasa, nikaona miguu yake tu ikipita. Ilikuwa midogo, yenye vumbi jekundu hadi kwenye vifundo.

Nyuma ya nyumba palikuwa na kichuguu kilichonizidi kimo. Nilikuwa nimepanga kukibomoa nifyatue matofali, niongeze chumba. Jioni ile ile mke wangu alikuja kwangu akicheka.

"Mama anasema kile kichuguu, muntu asikiguse," alisema. "Anasema weye uko na mali nyuma ya nyumba na unataka kuigeuza matofali."

Nilinuna wiki nzima. Chumba hakikujengwa. Mvua zilipoanza, kichuguu kilivaa nguo: maboga yalitambaa kutoka kileleni, lengalenga, mchicha wetu, ikasimama pembeni kwa mistari, matembele yakafunika chini kote, na muhogo ukapanga foleni kando ya ukuta. Udongo wa kichuguu una nguvu, kila mtu wa Lubumbashi anajua, lakini mimi nilikuwa naujua kama mtu anavyomjua jirani asiyesalimiana naye.

Tangu hapo nilimfahamu mwanamke yule kwa masikio na kwa pua. Nikiwa mbele nashona, niliusikia mtwango wake nyuma, na kwa mlio wake nilijua kama anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, au karanga. Sombe hulia kwa unyevu na taratibu, karanga hulia kavu, na mpishi hukatiza kila mara kukwangua pembeni. Majani ya maboga, ambayo sisi huita kibwabwa, aliyatoa nyuzi moja moja mpaka yakawa laini kama kitambaa cha bitana, kisha akayapika kwa unga wa karanga na nyanya, bila mafuta. Wakati wa uyoga alipika uyoga. Wakati wa njaa ya mboga alikaanga kapenta, vile visamaki vikavu, na kitunguu kimoja, na nyumba nzima ikanukia. Ilipokuwa joto kulikuwa na munkoyo, ule uji wa mahindi uliolainishwa kwa mizizi ukawa kinywaji, na aliuacha kwenye mtungi mpaka upate uchachu mdogo tu.

Mimi ni mtu wa kulalamika. Mke wangu alisema nilizaliwa nikilalamikia maziwa. Bukari ya mama mkwe, yaani ugali wake, ilikuwa ya mahindi matupu, nyeupe na ngumu, wakati mama yangu alichanganya unga wa muhogo, ikavutika vizuri kwenye kidole. Nilimnung'unikia mke wangu chumbani, kwa sauti ya chini, mlango umefungwa. Juma lililofuata bukari ilibadilika. Haikuwa kama ya mama yangu kabisa, lakini ilivutika. Niliuliza nani kaifanya hivyo. Mke wangu alinitazama kwa jicho la pembeni, akasema kuta za nyumba hii ni nyembamba sana. Tangu siku hiyo sikula bukari nyingine yoyote kwa furaha, na mpaka leo naitafuta ile, siipati.

Mke wangu alifariki majira ya baridi, miaka minne iliyopita. Sitaeleza ugonjwa. Nitasema tu kwamba alikuwa mtu wa katikati yetu, ndiye aliyebeba maneno kutoka nyuma kuja mbele na kutoka mbele kwenda nyuma, na alipoondoka, nyumba ilibaki na ncha mbili zisizogusana. Binti yetu wa pekee ameolewa Kolwezi. Alikaa nasi mpaka matanga yakaisha, kisha naye akarudi kwake. Wote walidhani mama mkwe ataondoka naye au atarudi Kambove. Hakuondoka. Asubuhi baada ya wageni kutawanyika nilimsikia akimwagilia lengalenga.

Siku za kwanza tulikuwa kama watu wawili waliopotezeana ufunguo. Nilikuta chungu mezani, kimefunikwa, kimewekwa wakati nipo barazani. Nilikula, nikaosha sahani, nikaiacha kwenye kizingiti cha jiko. Alikohoa kunijulisha anapita, nami nilikohoa kumjibu. Wengine mjini hapa wangetucheka. Siku hizi wakwe wengi hukaa sebuleni pamoja wakitazama televisheni. Lakini yeye hakuwa mtu wa siku hizi, na mimi nilimheshimu mno kiasi cha kutoweza kumlazimisha awe mtu wa siku hizi.

Ndipo asubuhi moja nilisikia kutoka nyuma, kwa sauti kubwa isiyo ya kawaida:

"Weye kuku! Wende uambie mwenye nyumba, makala iko naisha."

Nilisimamisha mashine. Tulikuwa na kuku mmoja mweupe, aliyekosa ukucha mmoja wa mguu, mtaga mayai kwa kupenda kwake. Kuku hakwenda popote. Nilimsikia akichakura palepale. Nilifikiri kidogo, nikasafisha koo, nikapaza sauti kuelekea ukutani:

"Kuku! Ambia Mama, nilishasikia. Gunia itafika leo."

Nyuma nikasikia mtu akicheka puani. Ndivyo tulivyopata mjumbe wetu. Sheria haikuvunjwa, maana hakuna aliyesema na mwenzake, kila mmoja alisema na kuku tu. Mwanzoni zilikuwa habari za makala, chumvi na maji. Baadaye yule kuku akabebeshwa mengine.

"Kuku, ule mwenye nyumba ni muntu wa namna gani? Lengalenga ya jana alibakisha. Iko mugonjwa ao iko na kiburi?"

"Kuku, ambia Mama, chumvi ilizidi."

"Kuku, umuambie, ulimi yake njo ilizidi."

Nilicheka mpaka uzi ukakatika. Nilikuwa sijacheka tangu mazishi. Wateja waliokuja kupimwa walinikuta nikipiga kelele na ukuta, na nadhani baadhi yao walipeleka suruali zao kwa fundi mwingine. Sikujali. Nilianza kuamka mapema, nikingoja kuku aitwe. Mvua za kwanza zilipoangusha uyoga, aliupika, na baada ya mimi kula nilisikia sauti yake ikiwa imeshuka:

"Kuku. Mutoto yangu alikuwa anapenda hii mboga."

Niliweka mkasi chini.

"Kuku, ambia Mama, hata miye niko nakumbuka."

Hatukusema tena siku hiyo. Lakini kila mtu alijua mwenzake yupo upande wa pili wa ukuta na analia, na kwangu huo ulikuwa msaada mkubwa kuliko maneno yote ya matanga.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Kisha mdogo wake wa kiume akaja kutoka Kambove, amevaa koti lililopigwa pasi, akakaa kwenye kiti cha wateja barazani. Alikuwa mtu mpole, na hakuzunguka.

"Muko, dada yetu alishakaa hapa sana," alisema, akiniita kwa neno lao la mkwe. "Mwenye alimuleta njo ule alikufa. Kama mutoto iko mu bulongo, mu kaburi, mama anabakia kwa nani? Bantu banaanza kusema. Dimanche tutakuya kumubeba."

Nilipaswa kusema hapana. Nilitaka abaki. Ninaliandika neno hili wazi hapa kwa sababu siku ile sikulisema: nilitaka abaki kuliko nilivyotaka kitu chochote tangu nimzike mke wangu. Lakini mkwe habishani na wakwe. Tena nilimuonea haya yule mzee wa koti. Ningeonekana nani, mwanamume mzima anayemng'ang'ania bibi kizee wa watu ampikie? Nikainamisha kichwa, nikasema, "Muzuri, Papa." Nyuma ya nyumba mtwango ulikuwa umenyamaza. Alisikia.

Nilimpigia simu binti yangu, nikamwomba aseme na nkambo yake, yaani bibi yake.

"Papa, umuambie weye mwenyewe," alisema.

"Nitamuambia namna gani? Unajua buko."

"Munakaa bawili miaka yote hii na munakosa namna?"

Alhamisi nilijaribu. Nilikwenda mpaka pembe ya nyumba, nikamwona kuku chini ya majani ya maboga. "Kuku," nilianza. Nikaishia hapo. Makala unaweza kumtuma kuku, hata machozi kidogo. Lakini kumwambia mtu asikuache, hilo halitumwi kwa kuku. Nilirudi kwenye mashine. Nilijiambia kwamba akitaka kubaki atasema mwenyewe. Yeye naye, sasa najua, alikuwa akijiambia hivyo hivyo. Ijumaa hakuna aliyemwita kuku.

Jumamosi moshi ulianza kupanda mapema jikoni. Saa sita mchana niliingia ndani kula, nikasimama mlangoni. Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe cha mke wangu, ambacho hakikuguswa tangu afe. Vyungu vilikuwa vimepangwa mstari, vyote na mifuniko: bukari, kibwabwa cha karanga, sombe, mtungi wa munkoyo. Palikuwa na sahani mbili. Nilifunua chungu kikubwa. Ndani alikuwa kuku mzima, hajakatwa hata kipande, firigisi yake pembeni na miguu yake imekunjwa. Mguu mmoja ulikosa ukucha.

Nitasema ukweli: nilikasirika. Nilijiambia, amemchinja mjumbe wetu, hataki hata salamu ya mwisho, ndiyo aina yake ya kufunga mlango. Sahani ya pili nilidhani ni ya yule mdogo wake, labda anafika leo. Kupitia mlango wa nyuma nilimwona kwa pembe ya jicho. Alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni mwa jiko, amenipa mgongo, mikono mapajani, amevaa kitenge kipya. Hapo hasira ikaongezeka. Safari ni kesho, yeye kashavaa leo. Ana haraka kiasi gani ya kuniacha?

Nilikula paja moja, haraka, bila kusikia ladha. Kisha nilifunika vyungu, nikavibeba kimoja kimoja, nikaviweka kwenye kizingiti cha jiko, hatua mbili kutoka mgongoni pake. Hapakuwa tena na kuku wa kumtuma. Nikauambia ukuta, "Asante." Hakugeuka. Mabega yake yalishuka kidogo, na mimi nikasoma hilo kama nilivyotaka kulisoma.

Jumapili walimchukua. Alikuwa amemwagilia matuta yote. Nilikaa kwenye cherehani, kichwa chini, nikaona miguu ile ile midogo ikipita, nikashona mkono wa sare ya mwanafunzi ukafungana na mfuko wake.

Mboga hazikujua kwamba mtu ameondoka. Msimu ule wa mvua maboga yalizaa kwa fujo. Nilijifunza kupika kwa kuunguza. Kibwabwa changu kilikuwa na nyuzi, kilinikwama kooni, na nilikitema nikitukana peke yangu jikoni. Nilichohitaji hakikuwa chakula. Nilimtamani mtu wa kuniambia kwamba ulimi wangu ndio umezidi.

Binti yangu alikuja mwanzoni mwa mwaka. Alikuwa amepitia Kambove. Tulikaa nyuma tukitoa nyuzi za majani, akaniuliza bila kuinua macho:

"Papa, juu ya nini ulikatala kuku ya nkambo?"

"Sikukatala. Nilikula."

"Ulikula peke yako. Na ukarudisha byungu."

Ndipo aliponieleza, polepole, jambo ambalo mama yake hakupata nafasi ya kunieleza, na ambalo mimi sikuwahi kuuliza. Kwa watu wao kuna siku ya kumuingiza mkwe ndani. Mama mkwe anayeona kwamba mkwe ameishi vizuri na binti yake hupika kuku mzima asiyekatwa, hutandika meza, huvaa vizuri, kisha hukaa karibu akingoja. Mkwe haruhusiwi kufunua chungu. Anapaswa kuita: "Mama, ukuye ufunue." Anakuja, anafunua kwa mkono wake, anamwonyesha kila chakula, na wanakula sahani mbili meza moja. Kuanzia saa hiyo buko imekwisha. Mkwe si mkwe tena, ni mtoto. Na mama akiwa kwa mtoto wake, hakuna ndugu wa Kambove wala wa wapi anayeweza kuja kumbeba.

"Alikusanya nguvu siku mbili kwa kuuwa ule kuku," binti yangu alisema. "Alisema, sasa hatutakuwa tena na kazi ya mujumbe. Halafu ukarudisha. Kwao, mwenye kurudisha byungu anasema, mi sitaki kuwa mutoto yako."

Niliacha majani, nikaingia ndani. Nilikaa kwenye ile meza, kwenye kiti cha upande wa pili ambacho hakuna aliyekikalia. Mama mkwe alikuwa amenijibu. Swali nililoshindwa kumtuma kuku, yeye alilijibu kwa kuku yule yule, na mimi nikambebea jibu lake mpaka mlangoni kwake nikalitupa.

Juma lile lile nilikwenda Kambove. Nilimkuta hai. Alikuwa amebakiza wiki chache tu za kuishi, lakini hakuna aliyejua, labda yeye mwenyewe. Mdogo wake alinipokea kwa adabu, akanipa kiti nje, pembeni kabisa ya nyumba, pale anapowekwa mkwe. Wakaleta bukari na mboga kwenye kiti kingine kidogo mbele yangu. Mlango wa nyumba ulikuwa na pazia, na chini ya pazia niliona nyayo zake kwenye sakafu. Alikuwa amekaa karibu kabisa.

Sikugusa chakula. Nilisimama. Mzee alinitazama akidhani naumwa. Nilimpita, nikaenda mpaka hatua mbili mbele ya pazia, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikasema naye moja kwa moja, mchana, mbele ya watu wake.

"Mama. Sikujua. Kwetu haiko vile. Sikurudisha juu ya kukatala. Nilirudisha juu nilikuwa na kasirani, niliona unaenda. Mama, nilitaka ubakie. Nilikosa tu mudomo. Rudia kwetu."

Mzee alishika kichwa. Mahali fulani uani mtu aliacha kufagia. Nilianza kufikiri kwamba sasa nimeharibu na kile kidogo kilichobaki. Nilibaki nimesimama pale kama mtoto. Nilikuwa na miaka hamsini na saba.

Kisha sauti ikatoka, ndogo kuliko niliyoizoea, kavu kidogo, na safari hii haikumwita mjumbe yeyote.

"Kurudia, siwezi tena. Miguu ilikatala. Lakini nilisikia." Alikohoa, akangoja pumzi irudi. "Bukari iko napola, mwana yangu. Kula."